Kambare Hana Makosa

Ukitaka kujua mtu wa Thika ametoka wapi, usimsumbue na jina lake la tatu. Muulize tu kama anakula kambare. Wa kwanza atakunja uso kana kwamba umemtajia nyoka. Wa pili atakwambia Biblia imekataza. Wa tatu atauliza, "Ako wapi?" na tayari ashaanza kunawa mikono.

Mimi niko kwa hilo kundi la tatu. Na kwa muda sasa nimekuwa nikiuliza wazee, nikisoma, nikizunguka kando ya mito kutoka Ruiru hadi Ol Donyo Sabuk, kwa sababu nilitaka kujua hii dharau ya kambare ilitoka wapi. Hii posti ni ndefu. Chukua chai.

Kwa wale ambao samaki wao hutoka kwa friza: kambare ni yule wa ngozi laini, hana magamba, kichwa bapa kama koleo, na sharubu nane kuzunguka mdomo. Wajaluo humwita mumi. Jina lake la kisayansi ni Clarias gariepinus, alilopewa na Mwingereza William Burchell mwaka 1822 kutokana na Gariep, jina la zamani la mto Orange kule kusini mwa Afrika. Anaweza kuzidi mita moja. Juu ya matamvua ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa kama mimi na wewe, kwa hivyo dimbwi likikauka anaweza kujiburuta kwa nyasi zenye umande akitafuta maji mengine. Manze, samaki anatembea! Usiku! Sasa fikiria mtu wa zamani akitoka nje alfajiri apate hicho kiumbe kwa njia ya shamba lake. Hata mimi ningekimbia.

Ndiyo maana simlaumu guka wangu. Yeye alizaliwa upande wa Gatanga, kwenye miinuko ambayo kila bonde lina mto. Chania, Thika, Kimakia, vijito vya maji baridi hadi meno yanauma. Na bado watu wake hawakuwa wanakula samaki. Kwake samaki alikuwa ndugu ya nyoka, mambo yakaisha. Si Wakikuyu peke yao. Wamasai, na jamii nyingi za Wakushi kutoka Pembe ya Afrika hadi huku kwetu, walikuwa na mwiko huo huo, na kuna wanahistoria wanaoona kwamba mwiko huo ulienea pamoja na Wakushi wa kale kabla hata Wabantu hawajafika hizi nyanda. Hata Kikikuyu cha kila siku kinasema thamaki. Isikilize vizuri: ni samaki, ila s imegeuka ikawa th. Neno lenyewe lilikuja limebebwa.

Lililobebwa na nani? Hapo ndipo mji wetu unapoingia.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka minne baadaye, 1905, nyavu za kisasa za kuning'inizwa majini zikaletwa kwenye ghuba ya Winam, na ngege, yule samaki mtamu wa zamani wa Ziwa Victoria, akaanza kuvuliwa kama bidhaa ya kuuzwa mbali. Walimmaliza haraka. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilimtuma Michael Graham kupima ziwa, na ripoti yake ya 1929 ilikuwa tayari inaongelea nyavu zenye matundu madogo. Huku kwetu nayo, tawi la reli lilifika Thika mwaka 1913. Mkonge, kahawa, ngozi, mananasi, baadaye vitambaa na mikebe. Mji ukapewa jina la utani, Birmingham ya Kenya, na vyote hivyo vilihitaji mikono. Mingine ilitoka Murang'a na Ukambani, lakini mingine ilitoka Siaya, Kakamega, Busia, Kisumu. Watu wa magharibi walikuja na sanduku, na blanketi, na hamu ya samaki.

Sasa jiweke kwa nafasi yao. Umetoka kandokando ya ziwa, umepata kazi kwa shamba la mkonge au kwa kiwanda, mshahara ni wa kuhesabu kwa vidole, nyama ya buchari ni ya Krismasi. Halafu Jumapili unatembea kidogo tu unafika mtoni na kambare wamejaa humo ndani, na wenyeji hawawataki. Hakuna hata wa kushindana na wewe! Ndoano moja, mnyoo au utumbo wa kuku, unatupa jioni giza likianza kuingia kwa sababu kambare hula usiku. Kwa mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja kulikuwa na mabwawa ya kunyunyizia maji, na mabwawa hayo yalikuwa na kambare na ngege pia. Kazi ilikuwa kumkwepa askari wa shamba.

Hivyo ndivyo kambare alivyopata sifa yake mjini. Akawa samaki wa vibarua, wa wageni, wa wale wanaoishi kwa nyumba za laini. Mtu akitaka kuwatukana hao watu, alianzia kwa sufuria yao, na kusema ploti yao inanuka. Nimekulia Makongeni, na nimesikia hiyo sentensi kuhusu harufu ya samaki mara nyingi sana, na karibu kila mara haikuwa inahusu samaki.

Halafu kuna ile sehemu ya hii historia inayonichoma kabisa.

Mto Chania ule unaopita chini ya Blue Posts, ile hoteli iliyopo tangu 1908 kati ya maporomoko mawili, una samaki wawili tofauti kabisa kutegemea uko wapi. Ukipanda juu kabisa, Aberdare, kwenye baridi na mianzi, kuna trauti. Trauti si wa kwetu. Ewart Grogan aliwaleta kutoka Scotland mwaka 1905, wakamwagwa kwenye mto Gura, na kutoka hapo mito ya juu ya milima ikajazwa samaki wa kigeni ili walowezi wapate mchezo wa wikendi. Trauti alipewa leseni yake, kambi zake, walinzi wake, mitambo ya kuzalisha vifaranga vyake. Hata namna ya kumvua ina heshima: ndoano inavishwa manyoya ifanane na mdudu, unasimama umevaa buti za mpira hadi mapajani, hupigi kelele.

Shuka na mto huo huo hadi mjini. Hapa kuna kambare, ambaye hakuletwa na mtu. Hajawahi kupata mlinzi. Ni mto mmoja, ila huko juu mvuvi anaitwa mwanamichezo, na hapa chini mtoi wa Kiandutu mwenye ndoano anaitwa chokora.

Na usidhani huu ni ujinga wa Kenya peke yake. Yule tajiri aliyekuwa na Juja Farm, William Northrup McMillan, aliyemkaribisha Theodore Roosevelt hapo mwaka 1909 na ambaye kaburi lake liko mlimani Ol Donyo Sabuk, alikuwa Mmarekani mzaliwa wa St. Louis. St. Louis iko kando ya mto Mississippi. Na ndani ya Mississippi kuna samaki anaitwa freshwater drum, yaani ngoma ya maji baridi, kwa sababu dume lake wakati wa kuzaliana hutoa mlio wa kukoroma unaosikika hadi juu ya maji. Ukoo wake karibu wote unaishi baharini. Kwa Marekani Kaskazini ni yeye tu anayemalizia maisha yake yote kwenye mito na maziwa, kutoka Kanada hadi Guatemala. Yule mkubwa zaidi kuvuliwa kwa ndoano, Tennessee mwaka 1972, alikuwa na karibu kilo 25. Nyama yake ni nyeupe na imara. Kichwani ana vijiwe viwili vya sikio vinavyong'aa kama lulu, ambavyo Wenyeji wa Marekani walivihifadhi tangu zamani na watoto wa kando ya ziwa Erie bado huviokota kama vya bahati.

Ungedhani wanamheshimu. Wapi! Wavuvi wengi wa mchezo humweka kwa fungu la samaki takataka. Akinasa, anarudishwa kwa hasira au anaachwa kwa mchanga. Wanaomla kwa furaha mara nyingi ni watu wa mtoni wasio na pesa, wahamiaji, watu weusi wa kusini. Trauti ndiye anayepigwa picha na kutundikwa ukutani. Kwa hivyo ile orodha ya nani ni samaki na nani ni takataka ni ya watu wenye mtindo huo wa kuvua, na walipokuja huku walikuja nayo.

Dini nayo iliweka jiwe lake. Waadventista walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, na mafundisho yao yanafuata Walawi 11: samaki lazima awe na mapezi na magamba. Kambare mapezi anayo, magamba hana. Kwa hivyo hata ndani ya watu wa ziwa kuna familia ambapo mumi haingii jikoni. Hiyo naiheshimu, maana mtu anayekataa chakula kwa imani yake hajamdharau mlaji. Jirani yetu mmoja, mama wa Kisabato kutoka Rachuonyo, alikuwa ananinunulia mimi kambare kwa yule muuzaji wake wa ngege na kunipa ameushika kwa gazeti, mkono mbali kabisa na mwili. Hakuwahi kuniambia neno baya. Alikuwa anacheka tu.

Ukitaka kuona jinsi bei ya heshima ya samaki inavyopangwa na watu, angalia kambare akisafiri. Nigeria ndiye mfalme. Wanamfuga kuliko karibu nchi yoyote duniani, unamchagua akiwa hai ndani ya beseni, anageuzwa supu ya pilipili, na mkubwa wa ofisi anamlia kwa hoteli akiwa na tai. Ni samaki yule yule, na sharubu zake nane. Rudi Ziwa Victoria: vifaranga vya kambare wanafugwa na kuuzwa kama chambo, wanatungwa kwa ndoano wakiwa hai ili wamvute mbuta. Mbuta mwenyewe aliingizwa ziwani miaka ya 1950, minofu yake ikaanza kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mifupa, mgongo wazi, tunakaanga tunanyonya. Yaani kambare analiwa na mbuta, mbuta analiwa na mtu wa Ulaya, na mtu wa Gikomba anagombania uti wa mgongo.

Serikali imejaribu kutufundisha kula samaki. Sagana, hapo tu ukipita Makutano, kuna kituo cha ufugaji samaki tangu 1948. Miaka ya 1960 kulikuwa na kampeni ya kuhimiza watu kula samaki zaidi, na mabwawa yakachimbwa Kati na Magharibi. Mengi yakageuka madimbwi ya vyura. Kisha 2009 ikaja ile pesa ya kuchochea uchumi, mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Hiyo naikumbuka kwa sababu ushago kwetu lilichimbwa moja, na wazee ambao hawajawahi kugusa samaki walikuwa wanakuja kulitazama jioni kama wanatazama mechi. Wachache wakaonja. Ngege kwanza, maana anafanana na picha ya samaki. Kambare baadaye sana, akiwa ameshakatwakatwa vipande ili asijulikane.

Na hapa naomba nicheke kidogo. Hao wazee wetu wa Kiambu wasiokula samaki wanafuga kuku, sivyo? Kuku wa mayai, maelfu. Chakula cha hao kuku kina nini ndani? Omena. Sehemu kubwa ya omena wa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha mifugo. Kwa hivyo cucu amekuwa akila samaki kila asubuhi kwa miaka mingi, ila amepitia kwa yai. Sijamwambia bado.

Sasa turudi mtoni, kwa sababu kule ndiko hii dharau inaacha kuwa mzaha.

Angalia ramani ya maji. Bwawa la Ndakaini lilikamilika 1994 kwenye mto Thika, huko Gatanga kwa kina guka. Linashika mita za ujazo milioni 70, na ndilo linaloinywesha Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Nairobi inakunywa, inaoga, inafua, inavuta choo. Maji taka mengi ya jiji huishia mto Nairobi, mto Nairobi unaingia Athi, mto Ruiru nao unaingia upande huo huo, na yote yanapita Fourteen Falls, kilomita chache kutoka Thika. Tunawatumia maji masafi kwa bomba, wanaturudishia kwa mto.

Nenda Fourteen Falls msimu wa kiangazi. Utaona povu jeupe limekaa juu ya maji kama sabuni ya mafua. Magugu maji. Plastiki. Harufu ambayo hauhitaji kuelezewa. Na kwenye hayo maji kuna vijana, wanarukia wageni kutoka juu ya mwamba kwa pesa kidogo, na wengine wana ndoano. Wanachopata ni kambare. Ngege anahitaji maji yenye hewa. Kambare akikosa hewa majini anapanda juu anavuta yake. Ile nguvu ya kutembea usiku kwa nyasi, ndiyo inayomweka hai kwenye uchafu ambao samaki wengine wameukimbia au wameufia.

Shida ni kwamba anaishi chini kwenye matope na anakula chochote kinachopita. Metali nzito zikiingia mtoni hukaa kwenye hayo matope, zinaingia kwa viumbe wadogo, zinaingia kwake, na anaweza kuishi miaka mingi akizikusanya. Risasi haionekani kwa macho. Haitoki ukikaanga. Mtoto anayekula huyo samaki kila wiki hawezi kuambiwa "pika vizuri tu."

Hii ndiyo sababu naona dharau ya kambare ina hatari yake. Trauti wa kule juu akianza kufa, mtu mwenye leseni na simu ya mtu mkubwa atapiga simu siku hiyo hiyo. Kambare wa Athi anavuliwa na mtu asiye na wa kumpigia, anauzwa kwa mtu asiyeuliza, na mji mzima ushakubaliana kwamba huyo ni samaki mchafu anayeliwa na watu wachafu. Nani atapima hayo maji wakati watu washaamua uchafu ni tabia ya samaki? Sheria ya mazingira tunayo tangu 1999. Mto haujasoma.

Nimeshaulizwa na wasee kama basi niache kumla. Siachi. Ila naangalia anatoka wapi. Kwa wauzaji wa Madaraka na Jamhuri nauliza kila mara, na wengi wanajibu bila kukasirika: huyu ni wa bwawa Sagana, huyu ni wa Masinga, huyu ni wa hapa. "Wa hapa" sinunui, na ninamwambia muuzaji kwa nini, kwa adabu, maana yeye hakumwaga chochote mtoni. Yule mama anayeniuzia sasa ameanza kutenga mabeseni mawili. Anasema kuna wateja wengine nao wameanza kuuliza.

Ukipata wa bwawa, msafishe hivi. Utelezi wake hautoki kwa maji baridi. Msugue na majivu au chumvi ya mawe, mwagie maji moto, kisha mkwaruze na kisu hadi ngozi ishike mkono. Angalia miiba miwili ya mapezi ya kando, inachoma na inauma siku mbili. Kata vipande vinene, weka chumvi na ndimu, mwache akauke kwa hewa saa moja. Kama una jiko la makaa, mpitishe kwa moshi kwanza kabla ya kumkaanga. Halafu nyanya nyingi, vitunguu, dania, pilipili ya kukata si ya unga. Maziwa kidogo mwishoni, hiyo nilifunzwa na jirani wa Siaya. Ugali uwe mgumu. Kichwa mpe mwenye subira, na mkia, kama mko wengi, nikatieni mimi mapema.